Mpira unalala kwa nani?

*Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Yamefupishwa kidogo ili yaenee katika gazeti letu.*



Komite ilituomba tuzungumze juu ya uongozi wa vyama vya michezo. Tulijiuliza sana tuseme nini. Semina tumefanya nyingi. Daftari na kalamu tumegawa, soda tumekunywa, picha tumepiga. Kwa hiyo leo hatukuleta makaratasi ya kubandika ukutani. Tumeleta swali moja tu: mpira wa timu yenu, usiku, unalala kwa nani?

Mnacheka. Bon, cheka tu. Lakini tunaomba kila mmoja ajibu moyoni mwake, halafu tuendelee.

Wengi wetu tunaofanya kazi hii ya kuzunguka vijiji na pikipiki tulikulia ng'ambo ya ziwa, Lugufu na Nyarugusu. Mpira tulijifunzia kule. Tulikuwa tunakusanya mifuko ya plastiki, tunaifunga kwa kamba, tunapiga. Ukipasuka, tunatengeneza mwingine. Hakuna aliyewahi kuwa mkubwa juu ya wenzake kwa sababu ya mpira ule, maana kila mtoto alijua kuutengeneza. Shida ilianza siku ulipofika mpira wa kununua. Kitu kikiwa kimoja na watu wakiwa wengi, hapo ndipo uongozi unaanza, mtake msitake.

Sasa tuwaambie habari ya kijiji kimoja, kusini mwa hapa. Jina tunaliacha, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu sisi.

Tulifika kule na mradi wa michezo kwa ajili ya amani. Mipira 2, jezi 22, nyavu, filimbi. Kwenye karatasi ya mradi tulikuwa tumeandika kwamba vitu hivi ni vya vijana warejeaji. Tukawaita waliorudi, tukawagawia, tukapiga picha. Vijana waliobaki nchini miaka yote ya vita walisimama pembeni, mikono nyuma, wanatazama. Mmoja wao alitufuata kwenye pikipiki akatuambia: «Ninyi wa ng'ambo mulirudi na mahema, mulirudi na masufuria, sasa mumepewa na mpira. Sisi tuliobaki tukilinda hii inchi, tumepewa nini?» Hatukuwa na jibu. Tulimwambia mradi mwingine utakuja. Ninyi mnajua maana ya jibu hilo.

Timu ikachagua prezida. Mtu mzuri kabisa, hatuna neno baya juu yake. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi. Nyumba yake ilikuwa na bati na mlango wenye kufuli, kwa hiyo watu wote walikubali mipira ilale kwake, chini ya kitanda. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Lakini polepole ikawa kila jioni vijana lazima wapige hodi. Mama wa nyumba akiwa amechoka, hakuna mazoezi. Kijana akigombana na mtoto wa pale, anaogopa kwenda kuomba mpira. Prezida mwenyewe hakuliona hilo. Kwake ilikuwa kazi ya kujitolea, tena ya kumsumbua.

Jumapili moja alipata msiba Uvira. Akafunga mlango, akaondoka na ufunguo mfukoni. Siku hiyo hiyo timu ya kijiji cha jirani, wengi wao wakiwa waliobaki, ilikuwa imealikwa. Walitembea kwa miguu tangu alfajiri. Walikaa chini ya mwembe mpaka jua likainama. Mpira hakuna. Mtu mmoja akasema: «Wameuficha. Wanatuogopa.» Mwingine akajibu. Halafu mawe.

Hakufa mtu, Mungu asifiwe. Kijana mmoja alivunjika meno, baiskeli mbili ziliharibika. Lakini kwa wiki mbili mama wa upande mmoja hawakupita njia ya upande wa pili kwenda shambani. Msimu wa kupalilia, wiki mbili! Wazee wanajua hasara yake. Na sisi kwenye ripoti ya mwezi tuliandika: «Mechi imeahirishwa.»

Hayo ndiyo tunayotaka yasomwe pia na marafiki wanaotusaidia kwa fedha. Haikuwa mechi iliyoahirishwa. Ilikuwa amani ya vijiji viwili iliyofungiwa ndani ya nyumba moja, na ufunguo uko Uvira.

Tuliporudi kuuliza, tulikuta kitu kilichotuaibisha. Chini ya mwembe ule ule, kila Jumatano, wanakaa mama wa AVEC. Wana sanduku la akiba. Sanduku lina kufuli 3. Funguo 3 ziko kwa mama 3 tofauti, na mama anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote kabla sanduku halijafungwa, na kila mmoja anakariri kichwani kiasi kilichobaki, hata yule asiyejua kusoma. Mwenye ufunguo akisafiri, anauacha kwa mtu ambaye kundi limemtaja. Na ndani ya kundi lile kuna waliorudi na waliobaki pamoja. Wiki zile mbili za mawe, sanduku lile halikukosa kufunguliwa hata Jumatano moja. Mama wale hawakupita njia ya shambani, lakini kwenye sanduku walikuja.

Tukamuuliza mama mmoja siri yake. Akasema: «Sanduku letu halijui rafiki.»

Ndugu zetu, sisi tulisoma chuo kikuu. Tuna vyeti vya usimamizi wa miradi. Mwalimu wetu wa uongozi alikuwa amekaa pale chini ya mwembe na mtoto mgongoni, na tulikuwa tunampita na pikipiki kila wiki. Timu ile haikukosa mtu mwema. Ilikosa ufunguo wa pili. Mtu mwema ni baraka, lakini mtu mwema anasafiri, anaugua, anafiwa, anachoka. Utaratibu haufiwi.

Basi tuchukue hekima ya sanduku tuipeleke uwanjani. Tutasema mambo machache.

La kwanza, vitu. Kila timu iwe na daftari la vifaa: mipira mingapi, jezi ngapi, pampu, nyavu, filimbi. Anayechukua anaandika jina na siku, anayerudisha anaandika tena. Vifaa vikae mahali ambapo hakuna anayepaswa kumbembeleza mtu ili avipate: shuleni, kanisani, msikitini, kwenye ofisi ya chama chetu. Funguo ziwe 2, kwa watu 2 wa familia mbili, na mmoja wao awe mchezaji. Mpira ukiwa mbali na wachezaji si wao tena, hata kama jina lao limeandikwa juu yake.

La pili, fedha. Hapa tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1974, mwezi wa tatu, Leopards wa Zaire walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano hayo peke yake. Miezi mitatu baadaye timu ile ile ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. Ilifungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Watu wa nje walicheka, wakasema Waafrika hawajui mpira. Lakini wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba kabla ya mechi ya Yugoslavia walijua fedha walizoahidiwa hazitawafikia, na walikaribia kukataa kucheza. Mabingwa wa Afrika hawakusahau kupiga mpira ndani ya miezi mitatu. Mtu akijua kwamba jasho lake limeliwa na mkubwa, miguu inakuwa mizito.

Msiseme hiyo ni habari ya serikali na ya wakubwa wa Kinshasa. Franga za kiingilio, franga za mchango wa maji, dola 20 za ndugu aliyeko Ulaya: ni jambo lile lile katika kipimo kidogo. Kesiye aandike, mtu mwingine ashike fedha, na baada ya kila mechi hesabu isomwe uwanjani kabla watu hawajatawanyika. Ni dakika tano tu. Zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Ukingoja mkutano wa mwisho wa mwaka, umechelewa, maneno yameshazunguka soko lote.

La tatu, habari. Mwaka 1967, Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana katika fainali ya vilabu bingwa vya Afrika. Mechi mbili zilikwisha sare, ya kwanza 1-1, ya pili 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu Kameruni. Kotoko hawakufika, na kombe likaenda Lubumbashi. Waghana wanasimulia mpaka leo kwamba ujumbe wa mechi ile ulifika kwa wakubwa wa mpira nchini kwao, ukakwama hapo, timu haikuambiwa. Sisi Wakongomani tunafurahia kombe letu, ni haki yetu. Lakini kiongozi asikilize kwa sikio la pili: timu nzuri ilipoteza Afrika kwa sababu mtu mmoja alikaa na habari. Wangapi kati yetu tunakaa na habari? Barua ya mashindano inakuja kwa prezida, anaikunja, anaiweka kwenye Biblia. Simu ya mfadhili inapigwa kwa mtu mmoja. Kila habari ya timu ifikie watu watatu siku ile ile, na ibandikwe mahali watu wanapita.

La nne, ardhi ya uwanja. Hili halizungumzwi kwenye semina, lakini sisi wa huku tunajua linavyowaka. Wengi tuliporudi tulikuta mashamba yetu yanalimwa na wengine. Wengine hawakuyapata tena. Sasa vijana wanaona mahali tambarare, wanafyeka, wanaweka magoli ya mianzi. Baada ya misimu miwili anatokea mtu: «Hapa ni kwa babu yangu.» Mara nyingi anasema kweli. Kabla ya kupiga mpira wa kwanza, komite imtafute mwenye ardhi, ikae naye mbele ya shefu wa kijiji na wazee wa pande zote, iandike: uwanja unaanzia mti gani, unaishia wapi, kwa miaka mingapi, na mwenye ardhi anapata nini. Hata kama ni haki ya kuuza maji na mandazi siku ya mechi. Karatasi ile ni muhimu kuliko jezi.

Na hapo hapo tuseme la tano: waliobaki. Komite ya timu isiwe ya waliorudi watupu, wala timu zisipangwe waliorudi dhidi ya waliobaki. Tulifanya hivyo, tuliona matunda yake. Sasa pale kijijini timu zinapangwa kwa mtaa, siyo kwa njia uliyopita wakati wa vita. Vijana wenyewe wamebuni utani wao. Aliyerudi anasema «jezi», aliyebaki anasema «mayo», na anayekosea wakati wa mazoezi anakimbia mzunguko mmoja. Shati ni lile lile.

La sita, wasichana. Tuliandika kwenye mradi kwamba wasichana wamealikwa. Ndiyo, walialikwa, saa kumi jioni! Saa kumi jioni msichana yuko wapi? Yuko mtoni, yuko kwenye kuni, anapika. Kumwita mtu saa ambayo unajua hawezi kuja ni kumfukuza kwa adabu. Tulipowauliza wao, walichagua Jumamosi asubuhi na walitaka voleboli, na waliomba mama mmoja mtu mzima akae uwanjani mpaka wa mwisho arudi nyumbani. Hayo yote hayana gharama. Yalihitaji swali tu. Na katika komite pia, msichana asiwe wa kuandika majina na kuleta viti. Mpeni ufunguo mmoja.

La saba, anayeumia na anayestaafu. Ndaye Mulamba, yule wa magoli 9, alikimbilia Afrika Kusini na akafia huko mwaka 2019, mbali na nchi aliyoipigania. Mkimbizi kama sisi. Tunaporudi kwenye timu zetu ndogo: kijana akivunjika mguu Jumapili, Jumatatu nani analipa dawa? Kama jibu ni «baba yake», basi hamna chama, mna mchezo tu. Hapa chama chetu cha kusaidiana kina kazi. Timu itenge sehemu ndogo ya kila kiingilio kwa ajili ya mfuko wa msaada, na mfuko huo usiguswe kwa ajili ya nauli wala sherehe.

La mwisho, kuondoka. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya vyama visivyo vya faida, inadai chama kiwe na sheria zake kwa maandishi. Timu nyingi zinazo, tena na mihuri. Zimeandika prezida ni wa miaka miwili. Miaka sita imepita, prezida ni yule yule, na ukiuliza unaambiwa: «Akitoka yeye, timu itakufa.» Ndugu zetu, kama ni kweli timu itakufa akitoka, basi hakuongoza, aliibeba mgongoni. Mtoto anayebebwa mpaka anaota ndevu hajui kutembea. Kiongozi apime kazi yake kwa Jumapili moja: akae nyumbani kwake, asipige simu, aone kama mechi itachezwa. Ikichezwa, aseme asante kwa Mungu. Ikishindikana, ajue kazi yake iliyobaki ni ipi.

Kwa marafiki wafadhili tunasema haya kwa heshima. Msaada wenu umetusaidia, tangu mahema ya kwanza. Lakini msimkabidhi mtu mmoja mpira mbele ya kamera. Ulizeni kwanza ufunguo uko kwa wangapi, uwanja ni wa nani, wasichana wanacheza saa ngapi. Kama majibu hayapo, tupeni muda kabla ya kutupa vitu. Na kwenye ripoti, tupeni nafasi ya kuandika «tulikosea» bila kuogopa kukatiwa mradi. Tukiweza kuandika hivyo, mtajua kweli fedha zenu zilifanya nini.

Mtauliza: pale kijijini iliishaje? Haijaisha. Prezida yule alirudi kutoka msibani, akakuta mawe. Aliumia sana. Wiki nzima hakutoka nje. Halafu alikwenda mwenyewe mpaka kijiji cha jirani, kwa miguu, akiwa na mpira mmoja kwapani. Akawaambia: «Huu ukae kwenu. Mkija kucheza, mje nao.» Mpaka leo mipira iko miwili, kila kijiji kimoja, na mechi haiwezi kuchezwa bila wageni kuleta wa kwao. Lakini kuna watu hawajasameheana, yule kijana bado hajapata meno, na mwenye baiskeli moja bado anadai. Karatasi ya ardhi ya uwanja imeandikwa, bado mzee mmoja hajakubali kuweka alama ya kidole. Tunaendelea kwenda.

Kiangazi kinakaribia, na mashindano ya vijana yanakuja pamoja nacho. Tunaomba mkutano huu uamue jambo moja kabla hatujatoka humu: timu yoyote inayobeba jina la chama chetu iwe na funguo mbili, daftari la vifaa, na hesabu inayosomwa uwanjani. Isiyo navyo ingoje. Kungoja kiangazi kimoja ni afadhali kuliko meno ya mtoto wa mtu.

Na usiku huu mkifika nyumbani, kabla ya kulala, muulize mtoto wako anayecheza: mpira wenu unalala kwa nani? Msikilize vizuri atakavyojibu.